Wapigaji wamenizidi umri na ujuzi, nitawaongozaje studio?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti, mwimbaji na mtunzi, naishi Morogoro. Nyimbo zangu zote hadi leo nimerekodi juu ya biti za kompyuta. Sasa nimejikusanya, nimelipia studio Dar kwa siku mbili nirekodi nyimbo tatu na wapigaji wa kweli: drams, besi, ridhimu, solo na tarumbeta. Wote ni watu wa bendi za dansi; wamenizidi umri na wamenizidi ujuzi. Sijui kusoma nota. Naogopa kuwaambia wapige nini, na wakipiga wanavyotaka naogopa wimbo usiwe wangu tena. Niandae nini, niongee nao vipi, na malipo tuyaweke vipi nisije nikadaiwa baadaye?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Hofu zako mbili, ya kusema sana na ya kutosema kabisa, zinatoka mahali pamoja: hujagawa maamuzi. Yapo yaliyo yako peke yako, na ukifika nayo studio yakiwa hayajaamuliwa, watu watano watakuamulia, kila mmoja na lake. Ki ya wimbo, yaani kimo cha sauti utakachoimbia, ni yako, kwa kuwa koo ni lako. Mwendo ni wako, kwa kuwa wewe ndiye utakayeyatamka hayo maneno. Mpangilio wa beti na kiitikio, wimbo unavyoanza na unavyoisha, hayo nayo ni yako. Halafu yapo yaliyo yao: besi ipite nota zipi, solo ajibu sauti yako wapi na anyamaze wapi, mpiga drams afungue haiheti, yale matasa mawili ya kufunga kwa mguu, saa ngapi. Hayo ndiyo unayoyalipia. Ukimkodi fundi aliyekula chumvi nyingi kwenye gitaa halafu ukamwimbia kila nota ya kupiga, ungebaki tu na kompyuta yako. Ingekutii zaidi, tena haili mchana.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wasanii wanaoanza kufanya kazi na wapigaji wa kukodi, maana karibu yote uliyouliza yamo ndani yake. Januari 1973, katika studio za Abbey Road mjini London, kundi la Pink Floyd lilikuwa na kipande cha mpiga kinanda wao, Richard Wright, ambacho hakina maneno hata moja. Fundi mitambo wao, Alan Parsons, akampendekeza Clare Torry, mwimbaji kijana aliyekuwa akiishi kwa kuimba kazi za kukodiwa. Dada huyo wala hakuwa shabiki wao. Wakamweleza kwa ufupi albamu inahusu nini, wakamwambia aimbe bila maneno. Alipoanza kuchomeka vineno vya mapenzi wakamsimamisha: tumesema bila maneno. Basi akaamua kuifanya sauti yake ala kama ala nyingine. Akaimba mara mbili, ya tatu akaikatisha mwenyewe katikati kwa kuona ameanza kujirudia. Akalipwa pauni 30, akaenda zake akiamini hawataitumia.

Tazama walichokuwa wamekiamua kabla hajafika: kodi za piano (nota zinazopigwa kwa pamoja), urefu wa kipande, na sharti moja. Sharti hilo moja walilisimamia bila kuyumba, mengine yote wakamwachia. Nami nataka uende studio hivyohivyo, kila wimbo uwe na sharti moja au mawili usiyoyalegeza, yaliyobaki waachie. Habari ya zile pauni 30 tutairudia.

Sasa maandalizi. Rekodi demo kwa simu, wewe na gitaa moja, na kama gitaa hulijui piga makofi uimbe. Usiwapelekee demo ya kompyuta yenye besi na drams ndani. Mpigaji akishaisikia ile besi ataipiga hiyohiyo kwa kukuheshimu, akidhani ndiyo unayoitaka, na hutajua kamwe yeye angepiga nini. Watumie demo siku nne tano kabla. Usitarajie wote waisikilize nyumbani. Mpiga besi ataisikiliza, mpiga solo ataisikilizia ndani ya daladala akiwa njiani. Ndivyo walivyo, nao huwa hawaharibiki.

Ki itafute kwa kuimba kiitikio, mahali penye nota ya juu kabisa, na uitafute jioni ukiwa umechoka. Ki inayokufaa asubuhi bafuni itakukaba koo saa kumi jioni baada ya kuimba wimbo uleule mara nane. Na kwa kuwa una tarumbeta, kuna jambo ambalo waimbaji wengi hawaambiwi. Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa kwa B flati, kwa hiyo ili alie sawa na gitaa, mpigaji wake hushika ki iliyo sauti nzima moja juu. Wapiga magitaa wanapenda E na A kwa sababu nyuzi wazi zinawasaidia. Ukiwapa A, mwenye tarumbeta anajikuta kwenye B yenye shapu tano, yaani nota tano za kupandishwa nusu sauti. Ukiwapa E, yeye yuko F shapu, ambako hata fundi hapigi kwa raha. Panda nusu sauti tu kutoka A hadi B flati, na tarumbeta inakuwa C tupu, huku ridhimu akibana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye mbano wa kwanza wa gitaa na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. F na G nazo zinamfaa. Kwa hiyo mpigie simu mwenye tarumbeta kabla hujaamua ki. Swali dogo kama hilo litamwonyesha kwamba unaijua kazi yake, na litakupa heshima kabla hamjaonana.

Kutojua nota kusikunyime usingizi. Nashville, mji wa Marekani ambako wapigaji wa studio ni jeshi zima, wengi wanafanya kazi kwa karatasi yenye namba tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Neal Matthews Jr., mmoja wa waimbaji wa kundi la The Jordanaires, alianza kuandika kodi kwa namba akifuata nota za maumbo walizokuwa wakitumia waimbaji wa makanisa ya kusini mwa nchi ile. Charlie McCoy, mpiga harmonika na ala nyingine nyingi, akauendeleza mtindo huo kwa wapigaji wenzake. Kama umewahi kukaa kwaya hata mwezi mmoja, unaujua tayari: 1 ni do, 4 ni fa, 5 ni so, 6 ni la. Wapigaji wetu wa dansi nao utawasikia wakiambiana "moja, nne, tano". Uzuri wake ni kwamba ukiamka sauti imekwaruza mkashusha ki, karatasi haibadiliki hata herufi.

Kila wimbo uandikie ukurasa mmoja. Andika utangulizi una mizunguko mingapi, ubeti wa kwanza una namba zipi, kiitikio kinaingia baada ya nini, sebene inaanza kwa ishara ya nani. Na uandike mwisho. Sijaona kitu kinachokula muda wa studio kama wimbo usio na mwisho: mara ufifie, mara ukatwe, mara turudie kiitikio, na hapo saa moja ya kukodi imekwenda. Amua tu, hata ukiamua vibaya. Watakurekebisha ndani ya dakika mbili kwa sababu wana kitu cha kurekebisha.

Kuhusu watu wenyewe, kama bado hujamthibitisha mpiga besi, muulize mpiga drams anapenda kukaa na nani. Mafundi wawili waliozoeana wanakufaa kuliko nyota wawili wanaokutana siku hiyo. Angalia rekodi zilizodumu. Equator Sound ya Nairobi miaka ya 1960 ilikuwa na bendi yake ya studio, Fadhili William na wenzake, wakiwemo Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Leo anaimba huyu wenzake wanampigia, kesho anaimba yule. Paris miaka ya 1980 ilikuwa vilevile kwa soukous, dansi ya Kikongo: Lokassa ya Mbongo kwenye ridhimu, Dally Kimoko kwenye solo, Ngouma Lokito kwenye besi, wamo kwenye rekodi za waimbaji chungu nzima. Ukisikia gitaa mbili zinapokezana bila kukanyagana, fahamu kwamba vidole hivyo vimefahamiana muda mrefu.

Umesema siku mbili, nyimbo tatu. Inatosha, ukiipanga. Katika kazi za chama cha wanamuziki Marekani kipindi kimoja cha kurekodi ni saa tatu, na muziki unaotolewa humo hauzidi dakika kumi na tano. Hao ni watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Wewe siku ya kwanza weka drams, besi, ridhimu na solo kwa nyimbo zote tatu, ukianza na ule rahisi ili watu waizoee sauti ya chumba na ya wenzao. Wimbo unaoupenda zaidi uwe wa pili. Ukiuweka wa mwisho utawakuta wamechoka. Tarumbeta aje asubuhi ya siku ya pili. Usimkalishe siku nzima kwenye benchi akinywa soda huku midomo ikipoa, wala usimwombe nota za juu mwisho wa kazi, maana midomo ikishachoka hakuna maneno ya kuibembeleza. Sauti yako ya mwisho uiweke mchana wa siku ya pili, au kama unaweza, siku nyingine kabisa.

Wapige pamoja. Najua utaambiwa kila mtu arekodi peke yake ili iwe rahisi kurekebisha. Kwa muziki wa dansi hilo linaua kile kilichokufanya uache biti: ridhimu anamsikiliza solo, solo anakusikiliza wewe, drams anawasikiliza wote. Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine, amplifaya za magitaa zikae koridoni au chooni mlango ukiwa umefungwa, drams ibaki na chumba. Sauti kidogo za jirani zikiingia kwenye maiki za drams hazina neno mradi hakuna aliyekosea. Na usimlazimishe mpiga besi kuweka nyuzi mpya. James Jamerson, aliyebeba besi za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike.

Maiki na vifaa mwachie fundi mitambo, ila hedifoni zikaguliwe na wewe mwenyewe. Vaa ya kila mmoja kwa dakika moja kabla hawajaanza. Kama wewe hujisikii vizuri ndani yake, na yeye hajisikii. Kuna pia suala la sauti kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti vipande vipande kabla ya kuitoa, na ukubwa wa kipande huitwa bafa. Ikiwekwa sampuli 128 kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ucheleweshaji wa upande mmoja haufiki milisekunde 3, sawa na sauti kusafiri hewani kama mita moja, hakuna atakayelalamika. Ikiachwa 1024, kama ilivyoachwa jana na mtu aliyekuwa anamiksi, ni zaidi ya milisekunde 21 kwa kwenda tu. Hapo mpiga drams ataanza kuburuta, wote watamlaumu, yeye atajilaumu, na kosa liko kwenye mpangilio wa programu. Uliza tu: "Bafa iko ngapi?" Fundi atajua unazungumzia nini.

Wewe mwenyewe uimbe. Ingia kwenye kona yenye maiki, vaa hedifoni, imba kila teki, yaani kila mara mnaporekodi wimbo, na maneno yote kana kwamba ndiyo ya mwisho, hata kama mmekubaliana sauti hiyo itafutwa. Mpiga solo hawezi kujibu neno asilolisikia. Ukikaa nyuma ya kioo na wahandisi, umewapa wimbo usio na mwenyewe, halafu unashangaa wakiuchukua.

Kuhusu kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo kwenye hedifoni, watu wamegawanyika, nami nina upande. Mwulize mpiga drams. Kama ameizoea, mpe. Kama hajaizoea, usimfundishie kwenye pesa zako. Jaribu kuweka mlio wa kayamba au tumba badala ya ile tiki-tiki ya mashine. Mwili wa mtu wa dansi unaukubali zaidi. Na sebene usiifunge. Wimbo ukianza kwenye mapigo 108 kwa dakika ukafika 113 watu wakiwa wanachemka, hakuna msikilizaji atakayekwenda kuhesabu, lakini ukiibana kwenye 108 atahisi kuna mtu ameshika breki.

Mwambie fundi mitambo abonyeze rekodi tangu wanatyuni. Teki ya kwanza ambayo wote wanadhani ni mazoezi mara nyingi ina kitu ambacho hakirudi. Mimi naamini teki ya pili na ya tatu. Nikifika ya tano bila kupata, natoa chai na kuhamia wimbo mwingine.

Sasa tuje kwenye kuongea nao, ambako najua ndiko roho yako iko.

Kazi hii uianze kabla ya studio. Mpigie kila mmoja simu, na yule mzee kuliko wote, kama anakaa karibu na njia yako, mpitie nyumbani umsalimie. Mweleze wimbo unahusu nini, mwulize anauonaje. Wazee wa dansi wamefanya kazi na watu wengi waliowaita kama mafundi bomba: njoo, piga, shika hela, nenda. Ukimwuliza maoni yake kabla, siku ya kurekodi atakuwa upande wako, na neno lake kwa wenzake lina uzito kuliko lako.

Chagua kiongozi miongoni mwao, umtangaze, umwongezee kitu kwenye malipo. Huko Marekani kiongozi wa kipindi cha kurekodi hulipwa mara mbili ya mwenzake, na si kwa sababu anapiga vizuri zaidi. Ni kwa sababu wawili wanapobishana kuhusu kodi ya kuingilia kiitikio, yupo mmoja wa kusema "tufanye hivi" na wakafanya. Kwa kawaida mpiga ridhimu au besi anafaa; mpiga solo mara nyingi anasikiliza gitaa lake.

Unapotaka kitu kibadilike, taja mahali, taja unachosikia, taja unachotaka kisikike, halafu unyamaze. "Mzee, punguza kidogo" haimsaidii: apunguze nini, sauti au nota, wapi? Sema hivi: "Mzee, ubeti wa pili, pale ninaposema 'barua haikufika', gitaa linaingia juu ya neno 'barua'. Naomba linisubiri hadi mwisho wa mstari." Hapo amepata kazi anayoweza kuifanya, na namna ya kuifanya umemwachia. Mpe mtu mmoja neno moja kwa wakati mmoja. Ukimwaga maagizo manne kwa watu watatu, teki inayofuata kila mtu atakuwa anafikiri badala ya kupiga.

Kama jambo ni la kumgusa mtu, usilisemee kwenye kipaza cha chumba cha mitambo, kila mtu akisikia. Zunguka, ingia, simama karibu naye, sema kwa sauti ya chini. Mpigaji wa makamo akisahihishwa mbele ya vijana na binti wa umri wa mwanawe anaweza kukubali kwa mdomo huku vidole vikigoma. Watakuita binti, watakuita mwanetu. Yapokee hayo, ni mapenzi. Lakini neno "hii tunayo, tuendelee" litoke kinywani mwako. Baada ya kila teki macho yote yataangalia kioo kuona nani anasema, na atakayesema mara mbili mfululizo ndiye atakuwa mwenye wimbo hadi jioni. Asiwe fundi mitambo.

Na msiwaache kwenye ukimya. Teki ikiisha, watu wa ndani wanaona midomo yenu ikicheza nyuma ya kioo bila kusikia kitu. Mtu amemaliza kumwaga roho, anaona fundi anatikisa kichwa. Huenda anajibu ujumbe wa simu, lakini yeye ameshajihukumu. Bonyeza kitufe useme lolote la kweli ndani ya sekunde tano: "Nzuri, tunasikiliza kidogo." Inatosha.

Ile hofu kwamba wimbo hautakuwa wako tena ina dawa yake. Pata kwanza teki unayoitaka wewe, yenye masharti yako yote. Ikishakuwa ndani ya mashine waambie: "Sasa nipeni moja ya kwenu." Hapo huna cha kupoteza. Usishangae nyumbani ukijikuta unachagua hiyo. Muscle Shoals, Alabama, Januari 1967, mtayarishaji Jerry Wexler alimpeleka Aretha Franklin kwenye studio ya FAME ya Rick Hall. Wimbo ulikuwa umekwama, hakuna aliyejua uanzie wapi. Mpiga kinanda Spooner Oldham akawa anachezacheza na kinanda chake cha umeme, akapata kamstari ka kuingilia, wenzake wakakadaka, na wimbo ukasimama. Hakuna karatasi iliyokuwa na kamstari hako. Lakini siku hiyohiyo pombe ilipita, mume wa Aretha akakorofishana na mpiga tarumbeta mmoja, usiku Hall akaenda hotelini kusuluhisha ikawa ngumi, na mwimbaji akaondoka mjini huku wimbo mmoja tu ukiwa umekamilika. Wexler ilibidi awasafirishe wapigaji hadi New York kumalizia. Kwa hiyo chakula kiwepo, tena kizuri, maji na chai visikauke, na bia zikae kwenye friji ya mtu mwingine hadi kazi iishe. Marafiki na wachumba nao wakusubiri nyumbani, wa kwako akiwemo.

Malipo. Kubalianeni kwa wimbo au kwa siku, kamwe si kwa "tutaona". Taja saa ya kuanza na ya kumaliza, na saa ya ziada ni kiasi gani. Nauli na chakula viwe nje ya ujira, usije ukamkata mtu hela ya ugali. Lipa nusu siku moja kabla, nusu iliyobaki ilipwe kabla hawajafunga ala kwenye mifuko, mbele ya kiongozi, kwa simu ili ujumbe ubaki kuwa stakabadhi. Kama mnatofautiana viwango, kiongozi ajue na sababu iwepo, maana wataulizana tu, tena kwenye daladala hiyohiyo.

Kudaiwa baadaye ndilo swali lako la msingi, na hapa Clare Torry anarudi. Albamu ile iliuza mamilioni kwa mamilioni, naye alikuwa na pauni zake 30. Mwaka 2004 akafungua madai kwamba melodi ile aliitunga yeye pale pale mbele ya maiki. Mwaka 2005 wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limeandikwa kwenye utunzi pamoja na la Wright. Matthew Fisher, mpiga kinanda wa Procol Harum, alikwenda mbali zaidi: kinanda chake kwenye wimbo wa mwaka 1967 uliowapa umaarufu kilimpa asilimia 40 ya haki za muziki wake, na mwaka 2009 majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakathibitisha kwamba hakuchelewa kudai, ingawa miaka karibu arobaini ilikuwa imepita.

Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pia, mbali na mtunzi. Kumlipa mtu ujira wa siku hakumaanishi amekupa kila kitu. Andika karatasi moja kwa kila mpigaji: majina ya nyimbo, tarehe, ala aliyopiga, kiasi alicholipwa, kwamba anaruhusu rekodi itumike kwenye redio, mitandao, video na matangazo, na nani ni mtunzi wa maneno na melodi. Iwe Kiswahili chepesi, aisome kabla ya kupiga, asaini siku hiyo. Karatasi ya kusainiwa baada ya wimbo kupendwa ni ngumu mno kuipata. Nyimbo zenyewe zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na siku kampuni ikija na mkataba mnene, mtafute mwanasheria kabla ya kushika kalamu.

Mpiga solo akileta kamstari ka kuingilia ambako watu wataanza kukaimba kabla ya maneno yako, mimi ningempa sehemu ya utunzi, na ningezungumza naye jioni ileile wote tukiwa na furaha. Wenzangu wengi wanasema hapana, alishalipwa. Sikubaliani nao. Ukiona wimbo hauwezi kupigwa jukwaani bila kale kamstari, basi kamekuwa sehemu ya wimbo, na aliyekatunga anajulikana.

Majina yao yaandike yote. Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo zilizotikisa dunia na jalada halikumtaja, hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Leo unapopandisha wimbo mtandaoni kuna nafasi ya kujaza nani amepiga nini. Haina gharama, na mtu akikuta jina lake hapo atapokea simu yako ya kazi ijayo kwa mlio wa kwanza.

Mwisho ni mafaili. Umeme Dar unaujua, kwa hiyo uliza mapema kama kompyuta ina betri ya akiba, na fundi ahifadhi kazi kila baada ya teki. Siku ya pili usiondoke bila traki moja moja za WAV, yaani faili la kila ala peke yake, kwenye diski yako, pamoja na teki ambazo hukuzichagua, na nakala ya pili kwa mtu unayemwamini. Zinunulie nafasi ya kutosha: nyimbo tatu zenye maiki za drams na teki nne nne zinajaza gigabaiti kadhaa, na flashi ndogo ya mfukoni itakwama saa mbili usiku wakati mwenye studio ameshashika funguo.